Ntheo ya Mbithe na Kompyuta Isiyosema

Kasiva alipotangaza baada ya misa kwamba shemeji yake Kiema atahudhuria ntheo ya Mbithe kutoka Australia, mkubwa kabisa kwenye skrini ya televisheni, watu wa Kola walimtazama kwa heshima. Heshima hiyo haikumaliza juma. Walipoanza kupita kwake na kumkuta amekodolea macho kompyuta isiyofanya lolote, huku maharagwe yakiungua jikoni, waligeuza kibao wakaanza kumcheka.

Na Kasiva si mtu wa kuchekwa hata kidogo. Nusu ya watu wa pale aliwafundisha kusoma, na waliobaki aliwafundishia watoto. Ni mwalimu mstaafu, mjane wa marehemu Nzau, mwanamke ambaye paa likivuja hupanda juu mwenyewe na misumari mdomoni. Kwake yeye, kuomba msaada ni aibu, tena aibu ya kuvuliwa kitambaa kichwani mbele ya watu.

Sasa ntheo, kwa asiyejua, ni mbuzi. Haya, si mbuzi tu, lakini ukiondoa mbuzi hakuna kinachobaki ila soda na hotuba. Upande wa mume unaleta mbuzi nyumbani kwa kina msichana, mmoja anachinjwa, watu wanakula, na kuanzia hapo msichana ni mke wa mtu. Kabla ya hapo anaweza kukaa na huyo mwanamume miaka, azae, apike, amfulie, na bado Wakamba watamhesabu kama mgeni aliyechelewa kurudi kwao. Mbithe, binti wa Kasiva, alikuwa amekaa na Maundu kule Katangi hadi mtoto wao akajua kufungua geti. Kila Jumapili mama mmoja alikuwa akimshika Kasiva mkono na kumuuliza kwa sauti ya asali, "Na Mbithe wetu, bado yuko yuko tu?" Kasiva alikuwa anakaribia kumpiga mtu.

Basi Maundu akajipanga, mbuzi wakapatikana, Jumamosi ikatajwa. Ndipo Bartholomew, katekista na msemaji wa ukoo, akakohoa na kukumbusha kwamba katika ukoo wa Nzau mbuzi wa ntheo hachinjwi mpaka ndugu ya baba aseme neno. Na ndugu wa Nzau aliyebaki duniani ni mmoja tu, Kiema.

Mungu wangu, Kiema! Siku ya kumzika Nzau, Kiema hakupata ndege, akaongea kwa simu iliyoshikwa mbele ya maikrofoni ya kanisa. Mitambo ile, ambayo siku za ibada hukoroma tu, siku hiyo ilifanya kazi vizuri ajabu. Kijiji kizima kilimsikia akisema kwamba ndugu yake hakuuawa na figo, ameuawa na mke aliyemweka nyumbani akimnywesha uji wakati hospitali ziko. Mbele ya jeneza! Kasiva alisimama pale na ua mkononi, akakosa la kusema. Ukweli ni kwamba Nzau mwenyewe ndiye aliyekataa hospitali, akamwapisha asimwambie mtu, na yeye akaishika ahadi ya mtu anayekufa. Ukishanyamaza mara ya kwanza, ukifungua mdomo baadaye watu wanaona unajitetea.

Kwa hiyo alichotaka Jumamosi ile kilikuwa kimoja: mbuzi achinjwe, Mbithe aitwe mke wa mtu, na mdomo wa Kiema usiharibu siku mbele ya wakwe kama ulivyoharibu ile nyingine.

"Apige simu tu basi, aseme 'sawa', tumalize," Kasiva alijaribu.

"La, Mwalimu," Bartholomew akasema. "Simu tulishaijaribu, tukaona matokeo. Kwa simu mtu anaweza kuwa amelala kitandani na soksi. Neno la ntheo ni la uso. Wazee wamuone."

Ndiyo maana Kasiva alishuka Machakos mjini akaingia dukani kwa Gelle, Msomali mpole anayeuza kompyuta zilizotumika ng'ambo, kila moja imefutwa vumbi ikang'aa.

"Hii chukua, Mwalimu," Gelle akamwambia. "Iko sawa kabisa. Ndani nimeweka Linux, mfumo wa kuiendesha badala ya Windows. Haina virusi, haitaki leseni, ni bure."

"Bure? Na wanaoitengeneza wanalipwa na nani?"

"Wengi hakuna anayewalipa. Ni watu wako huku na huko duniani, wanajitolea tu."

"Kama kwaya."

"Kama kwaya, Mwalimu."

"Basi lazima wanagombana," Kasiva akasema, maana aliwahi kuwa mweka hazina wa kwaya.

Gelle akacheka. Kisha akasema neno ambalo hakujua uzito wake. "Ikikusumbua, rudisha tu nikuwekee Windows. Watu wa umri wako wengi wanapendelea hiyo."

Watu wa umri wako! Kuanzia dakika hiyo, hata ile kompyuta ingetoa moshi, Kasiva asingeirudisha kwa Gelle kuomba kuwekewa kitu kingine.

Haikutoa moshi. Ilifanya ubaya zaidi, haikufanya chochote. Iliwaka vizuri, ikaonyesha picha ya milima yenye theluji, ikakaa. Mtandao haukuwepo. Simu ya Kasiva iliona Wi-Fi ya jirani yake Wayua, ambaye alikuwa amempa ruhusa, hata redio mpya ya Wayua iliiona. Kompyuta haikuona kitu. Baada ya kutafuta na miwani mbili akagundua kwamba kidude cha kushika Wi-Fi kilikuwemo ndani, kizima, ila Linux haikijui, na ili ikijue inahitaji programu ndogo inayoitwa dreva. Dreva huyo yuko wapi? Yuko kwenye mtandao.

Kasiva akaisoma tena ile sentensi, kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma insha za darasa la sita. Ili kupata mtandao, ingia kwenye mtandao. "Na wewe umesoma wapi?" akaiuliza kompyuta.

Aliuliza kwa simu kwenye jukwaa la watumiaji wa Linux, mahali ambapo watu wasiojuana husaidiana. Alianza kwa adabu: hamjambo wote, mimi ni mwalimu mstaafu, natumaini mmeamka salama. Wa kwanza kumjibu alimwambia akasome maelekezo. Wa pili alimwambia aina ya Linux aliyonayo ni ya watoto, aweke nyingine. Wa tatu akamwambia yule wa pili kwamba hiyo anayoisifu si Linux, ni ugonjwa. Wakaendelea hivyo kwa kurasa na kurasa, wakatukaniana mama zao, wakamsahau Kasiva kabisa. Ni kwaya kweli. Mwisho akajitokeza mmoja, mstaarabu, aliyejiita jina la samaki, akamwambia aunganishe simu na kompyuta kwa waya wa kuchajia, mtandao wa simu upite humo, kisha afungue dirisha jeusi la kuandikia amri, na kuandika amri aliyompa.

Dirisha jeusi likafunguka. Akaandika amri. Likamuuliza paswadi. Akabonyeza herufi ya kwanza, hakuna kilichoonekana. Ya pili, hakuna. Akabonyeza kibodi nzima kuanzia kushoto hadi kulia, akaigonga upande, akaipuliza, akaipangusa kwa pindo la leso. Hakuna hata nukta. Kibodi imekufa.

Huyo, akaifunga kompyuta kwenye kanga, akaenda nayo mjini. Kurudisha kitu kibovu na kuomba kuwekewa Windows ni mambo mawili tofauti, alijiambia. Gelle akaifungua, akafungua dirisha jeusi, akaandika paswadi aliyoambiwa, akabonyeza, ikakubali.

"Iko sawa, Mwalimu. Paswadi hapo haionekani ukiiandika. Inaficha hata idadi ya herufi, mtu asikuchungulie."

"Nichunguliwe na nani? Naishi na kuku!"

Bahati mbaya Wayua alikuwa dukani siku hiyo akinunua chaja. Jioni yake Kola nzima ilijua kwamba Mwalimu Kasiva amesafirisha kompyuta nzima hadi Machakos kwa sababu hajui kuandika paswadi. Hadithi hiyo ilinenepa njiani. Kufikia Jumatano alikuwa ameibeba kichwani, na kufikia Alhamisi alikuwa ameipeleka kwa daktari wa mifugo. Mbithe alipofika kutoka Katangi kusaidia matayarisho, alimkuta mama yake amenuna.

"Mwaitu, achana na hiyo kitu. Tutumie simu ya Maundu, tuiegemeze kwenye chungu."

"Wazee waone uso wa mtu mdogo kama stempu? Niache."

Na jamani, apewe haki yake. Wi-Fi ilikubali. Aliandika ile amri, akaandika paswadi asiyoiona kwa imani tupu, maneno meupe yakamiminika kwenye weusi, na kidude kikaamka. Kasiva alipiga kigelegele peke yake sebuleni. Kamera, aliyokuwa akiiogopa kuliko vyote, ilifanya kazi bila kuombwa. Televisheni ilipokea picha kwa waya mara moja. Akabaki na sauti.

Sauti ilikataa katakata. Alhamisi walijaribu na Kiema. Akatokea, amevaa sweta, midomo inacheza, kimya. Bartholomew alikuwa ameleta spika kubwa ya kanisa, ikachomekwa, ikawaka taa nyekundu, ikanyamaza nayo. Kasiva akapunga mkono. Kiema akapunga. Mwisho Kiema akapiga simu ya kawaida.

"Shemeji, mimi nawasikia vizuri, hata jogoo nimemsikia. Mbona mnanipungia tu kama watu wako kwa meli?"

"Ni dreva," Kasiva akasema. Neno hilo alikuwa ameshalizoea, na lilinyamazisha watu wengi.

Ijumaa mchana, Mbithe akiwa mtoni na wanawake, yule jamaa wa jina la samaki akamjibu swali lake la sauti. Fungua dirisha jeusi, andika jina la programu hii, utaona nguzo zimesimama za rangi. Tazama chini ya kila nguzo. Kasiva akatazama. Chini ya nguzo ya kwanza palikuwa na kijisanduku kimeandikwa MM. Maana yake, jamaa akaeleza, ni kwamba sauti imezibwa. Si dreva wala ubovu, imezibwa tu. Bonyeza M ifunguke, bonyeza tena M izibe.

Akabonyeza. MM ikageuka sufuri mbili, na wimbo wa kwaya aliokuwa ameuacha ukiimba kimya tangu asubuhi ukalipuka kwenye spika ya kanisa kwa nguvu zote. Kuku walitawanyika hadi shambani kwa Wayua. Kasiva akabonyeza M, kimya. Akabonyeza, kelele. Akabonyeza, kimya. Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima ya kuchekwa na kijiji, kumbe ni herufi moja! Akaamua asimwambie mtu. Kesho, mbele ya wote, ataibonyeza kwa kidole kimoja na kuwaangalia usoni, hasa Wayua.

Simu ikalia. Ni Kiema.

"Shemeji, mmefaulu na sauti?"

"Bado kidogo," akasema, akitaka na yeye ashtuke kesho.

"Jitahidini. Niko na neno la kusema kesho. Juu ya Nzau. Nataka wazee wote wawepo, na wakwe pia. Walisikia la kwanza, wasikie na hili."

"Neno gani, Kiema? Hiyo ni siku ya mtoto."

"Utalisikia na wengine," Kiema akasema, akakata.

Kasiva alikaa na simu mkononi. Walisikia la kwanza. Alijua kabisa la kwanza lilikuwa lipi. Kwa hiyo mtu huyu miaka yote hii hajatosheka, sasa anataka kumwita muuaji mbele ya watu wa Katangi, ili mama mkwe wa Mbithe arudi kwao akijua mke wa mwanawe ametoka tumbo gani. Alihisi hasira, kisha woga, kisha hasira tena. Akainama juu ya kibodi akabonyeza M. Nguzo ikaandika MM. Akaifunga kompyuta.

Jumamosi jua lilitoka kali. Hema likasimama, televisheni ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha maua, spika ya kanisa kando yake. Watu wa Katangi wakaja wakiimba, mbuzi wamefungwa utepe shingoni, Maundu ameshonewa suti iliyombana makwapani. Waliulizwa getini wanatafuta nini, wakajibu wanatafuta ua lililochanua humu ndani, wakazungushwa kidogo kama ilivyo ada, wakaingizwa. Mbuzi wakakaguliwa meno. Bartholomew akasimama na kofia mkononi.

"Mwalimu, tuletee Kiema."

Kasiva akabofya. Kiema akatokea kwenye skrini, kichwa kikubwa kuliko cha mtu yeyote pale, na watu wakapiga makofi kwa mshangao. Alikuwa amevaa koti na tai. Alikuwa amekonda sana. Midomo ikaanza kucheza.

"Hatusikii," mzee mmoja akamnong'oneza Kasiva, asimkatize mgeni.

"Spika imekataa," Kasiva akamnong'oneza naye bila kugeuka. "Ni dreva."

Wazee wakatikisa vichwa. Nyuma ya hema kuna mtu aliyenong'ona kwamba aipeleke tena kwa daktari wa mifugo, na wanawake wakaziba midomo. Kasiva aliwasikia. Kidole kilikuwa karibu na herufi M, umbali wa unyoya wa kuku, na kichekesho kile peke yake kilitosha kumfanya aibonyeze. Akakirudisha kidole mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu anunue mashine hiyo, alifurahi kuonekana mjinga.

"Si tumpigie simu basi, tuweke hapo kando tumsikie?" Maundu akanong'ona.

"Ukipiga simu mtandao unakatika, na uso unapotea," Kasiva akasema kwa sauti ile ile ya chini. Ulikuwa uongo mtupu, lakini nani angembishia? Wote walikuwa wamemsikia wiki nzima akitaja madereva na amri.

Kiema aliendelea kusema. Alisema kwa muda mrefu. Katikati alivua miwani, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akanyoosha kidole upande wa kamera, akakipiga kifuani kwake, akainamisha kichwa. Simu ya Kasiva haikuita, kwa sababu minong'ono yao haikumfikia Kiema; makofi ya kumpokea alikuwa ameyasikia vizuri, na hakujua kwamba wao hawamsikii. Alipomaliza alisimama wima akingoja.

Bartholomew ndiye aliyeokoa hali. "Neno la ndugu ya baba limefika!" akatangaza, akainua kofia juu. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wa Katangi wakapiga makofi, maana na wao walikuwa na njaa. Kiema alivisikia vigelegele hivyo. Uso wake ukakunjuka, akalia waziwazi, akawapungia mkono, akaondoka kwenye skrini.

Mbithe akaulizwa kama mbuzi achinjwe au arudishwe Katangi. Akasema achinjwe. Kasiva alilia kwa furaha bila kujificha. Ilikuwa imekwisha, na hakuna neno hata moja baya lililosemwa.

Alasiri, watu wa Katangi walipokuwa wameshaondoka na wazee wa nyumbani wamebaki na supu, simu yake iliita. Aliipokelea nyuma ya jiko.

"Shemeji," Kiema akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Asante. Sikutegemea vigelegele."

"Vya nini, Kiema?"

"Usinifanyie hivyo. Si rahisi mtu wa umri wangu kusimama mbele ya ukoo na kusema alikosea."

"Ulisema nini?"

"Si ulisikia? Nilisema yote. Kwamba figo zimenishika na mimi. Kwamba mke wangu alinisihi niende hospitali na mimi nikamfukuza chumbani, nikamwapisha asimwambie mtu, na siku hiyo ndiyo nikajua Nzau alikufanyia nini. Najua ndugu yangu, tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo. Nilisema niliyoyatamka kaburini yalikuwa uongo, na kwamba hukuua mtu, ulimtunza. Nikakuomba msamaha mbele yao, kwa sababu nilikuaibisha mbele yao."

Moshi wa kuni ulikuwa ukimwingia machoni na hakusogea. "Kiema, baba, lirudie. Nitawaita wazee sasa hivi, bado wako hapa. Hawakusikia. Sauti haikuwepo."

Kiema akacheka kidogo, bila furaha. "Kasiva. Nilisikia vigelegele. Nilimwona Bartholomew na macho yangu akiinua kofia. Kama unataka kuniona nikipiga magoti tena ili uonje vizuri, mimi nimechoka. Nimelisema mara moja mbele ya watu wote, na sitalirudia. Waulize waliokuwepo." Akakata. Alipompigia tena, simu ilikuwa imezimwa.

Kasiva akatoka mbio na aproni yake hadi chini ya hema. Wazee waliinua vichwa kutoka kwenye mabakuli.

"Sikilizeni," akasema. "Kiema leo aliniomba msamaha. Amesema yale ya kaburini yalikuwa uongo. Amenipigia sasa hivi."

Wakamtazama kwa upole, na upole huo ulimtia wasiwasi.

"Mwalimu," Bartholomew akasema, "sisi tulimwona. Mtu analia, ananyoosha kidole, anajipiga kifua. Hiyo ilikuwa hasira. Mungu ametusaidia spika ikakataa."

"Haikukataa! Niliizima mimi! Niliogopa atanitukana, nikaizima. Ilikuwa inafanya kazi tangu jana."

Wayua, aliyekuwa akikusanya sahani, akaangua kicheko, na wazee wakamfuata mmoja baada ya mwingine, bila ubaya wowote.

"Wewe uizime?" Wayua akasema akijifuta machozi. "Mwalimu, na paswadi je?"

Kasiva aliiendea kompyuta, akafungua dirisha jeusi, akabonyeza M. Akawawashia wimbo wa kwanza aliouona, na spika ya kanisa ikaimba hadi vikombe vikatetemeka mezani. Akageuka kuwatazama.

"Imepona!" mzee mmoja akapiga kelele.

"Imepona yenyewe," Bartholomew akakubali. "Vitu vya bure ndivyo vilivyo, vinafanya kazi vikitaka." Alimwonea huruma kweli. Akamshika mkono akamketisha kando yake, kama anavyowaketisha wafiwa. "Usijibebeshe mzigo wa Kiema, mama. Na kama ni mambo ya Nzau yanayokusumbua, tulia. Sisi hapa tulishakusamehe zamani."

Wazee wote wakaitikia kwamba ni kweli, walishamsamehe. Kisha Bartholomew akamnyooshea bakuli lake amwongezee supu.